Rana Kumbha: mfalme aliyekubali majina ya mafundi yabaki mu jiwe

Mwaka 1433, kule Mewar, upande wa magharibi ya India, mfalme Mokal aliuawa na watu wa jamaa yake mwenyewe. Mtoto wake Kumbha, Rajput wa ukoo wa wapiganaji, akashika utawala. Maadui walikuwa pande mbili: sultani wa Malwa na sultani wa Gujarat. Hata hivi, alitawala miaka 35.

Juu ya vita, alijenga. Wanahesabu ngome 84 zenye kulinda Mewar, na wazee wa kule wanasema 32 ni kazi yake. Ya kujulikana sana ni Kumbhalgarh, juu ya milima: ukuta wake unazunguka karibu kilometa 36. Kule Ranakpur, tajiri mmoja wa dini ya Jain, Dharna Shah, alitafuta pahali pa kujenga hekalu. Kumbha hakuwa wa dini ile, lakini alimupa udongo. Fundi Depa akasimamisha pale nguzo 1444 za marumaru. Mfalme mwenyewe alipenda muziki, akaandika kitabu kikubwa juu yake.

Lakini kwetu watu wa kazi, kitu cha maana zaidi kiko Chittor, mji wake mkubwa. Pale kuna mnara wa ushindi, etaje 9, urefu meta 37 hivi, uliomalizika 1448. Ukipanda mpaka etaje ya tano, unakuta majina yamechongwa: fundi Jaita na watoto wake watatu, Napa, Puja na Poma. Si mfalme peke yake anatajwa pale. Wenye kutoa jasho nao wako.

Sasa tuulize: mali ilitoka wapi? Mewar ilikuwa na mine, inaitwa Zawar. Tangu siku za Lakha, babu yake Kumbha, fedha na risasi ya pale ilitia nguvu mu ufalme. Zinki nayo, walikuwa wanaipika mu vyungu vidogo vya udongo. Mpaka leo vyungu vile vya zamani viko palepale, vimelundikana kama vilima. Mwaka 1497 Ramabai, binti wa Kumbha, alijenga hekalu Zawar, na jina lake tunalijua. Lakini wale wenye kushuka mu shimo, wenye kuvuta moshi wa tanuru, majina yao hatuyasikii. Waliacha vyungu tu.

Mwaka 1468 Kumbha aliuawa na mtoto wake Uda. Miaka tano nyuma, Uda naye akafukuzwa na ndugu yake Raimal.

Mtu wa mine anajua: kama jina lako halikuandikwa, siku ya kudai haki watasema hukufanya kazi. Kumbha alilipa deni ya mafundi wake kwa kuacha majina yao mu jiwe. Deni ya wachimbaji wa Zawar ingali.