Marehemu Abdulwahid Sykes, Mtu wa Kariakoo

Likizo iliyopita mjomba alinichukua kuutazama mji wa Dar es Salaam. Tulianzia penye sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Toka hapo tulikwenda kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja, tukavuka na kuingia Kariakoo, mahali palipopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi hao. Lo! Watu walikuwa tele, mikokoteni ikipita huku na huku, na wachuuzi wakiita wanunuzi. Mimi nilikuwa nikistaajabia maghorofa, lakini karibu na soko mjomba alisimama akanipa habari za mtu mmoja, nami nataka kuwasimulia wenzangu.

Abdulwahid Sykes alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa mmoja wa walioanzisha Chama cha Waafrika mwaka 1929. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Abdulwahid aliingia jeshini angali kijana, akapelekwa Burma. Baadaye alipata kazi ya kusimamia soko la Kariakoo. Soko la siku zile silo jengo tulijualo sisi, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua moto mwaka 2021.

Pamoja na kazi yake ya soko, aliitumikia TAA, ndicho chama kile cha baba yake kilichobadilishwa jina, hata akawa kiongozi wake. Tarehe 17 Aprili 1953 ulifanyika uchaguzi katika ukumbi wa Arnautoglo, pale Mnazi Mmoja. Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu, alimshinda, na Abdulwahid akawa makamu wake.

Hapo ndipo nilipostaajabu. Abdulwahid alikuwa mwenyeji wa mji na mwana wa mwanzilishi, na mwenzake alikuwa mgeni. Angeweza kununa na kujitenga, lakini hakufanya hivyo. Alifanya kazi pamoja na aliyemshinda, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, naye akapata kadi namba 3. Nyerere alipoacha ualimu mwaka 1955, alipokewa kwanza nyumbani kwa Abdulwahid, Kariakoo. Abdulwahid alifariki Oktoba 1968, hata miaka hamsini hakufika.

Wasomaji, nakiri kosa langu. Mwaka jana nilikosa ukiranja wa bweni, na muhula mzima sikusema na mwenzangu aliyenishinda. Pale sokoni, katikati ya makelele yale, niliona haya. Tulipofungua shule nilimwendea nikamwomba kazi, naye akanipa kuandika orodha ya zamu za usafi. Kazi hiyo naifanya hata leo, na bweni letu ni safi. Asiyekubali kushindwa si mshindani.