Zaburi Ukutani

Wako Wakristo wadhanio kwamba mtu akikaza nia ataweza kujitoa dhambini kwa nguvu zake mwenyewe. Mt. Augustino, Mwafrika mwenzetu, alijaribu hivyo miaka mingi, akashindwa.

Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Alipokuwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba usiku matunda ya jirani. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Labda tungesema ni utundu wa vijana tu. Lakini yeye, alipokwisha kuwa Askofu, alilieleza jambo hilo kirefu katika Maungamo yake, maana aliona kwamba aliupenda uovu kwa kuwa ni uovu.

Huko Carthage aliishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, Adeodato. Kwa miaka kama tisa aliwafuata wafuasi wa Mani, ambao walifundisha kwamba atendaye dhambi ndani ya mtu si mtu mwenyewe, bali ni asili nyingine mbaya. Twaona kwa nini fundisho hilo lilimpendeza: lilimwondolea lawama.

Mwaka 384 alifika Milano, akasikia mahubiri ya Mt. Ambrosi. Akili yake ilikubali, ila moyo ulikataa. Hata alipomwomba Mungu usafi wa moyo, aliogopa asije akapewa upesi! Mwaka 386, akilia bustanini, alifungua nyaraka za Mt. Paulo na kusoma maneno machache ya Waraka kwa Warumi. Alichokitafuta kwa nguvu zake bila kukipata, hapo alipewa. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387 pamoja na mwanawe. Mama yake, Mt. Monika, alifariki mwaka huohuo. Wazazi wenye mtoto aliyepotea wanayajua machozi ya mama huyo.

Kwa sababu hiyo Pelagius alipofundisha kwamba hiari ya mtu yatosha kushika amri za Mungu, Augustino hakunyamaza. Hakukana hiari, alisema ni mgonjwa, nayo huponywa na neema. Mtaguso wa Carthage wa mwaka 418 ulilikataa fundisho la Pelagius.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wake wa Hippo, naye, mzee wa miaka 75, akashikwa na homa. Aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Kwa siku kama kumi hakutaka wageni, isipokuwa waganga walipokuja au chakula kilipoletwa. Alizisoma akilia, mpaka alipofariki tarehe 28 Agosti.