Sayyid Khalid na Himaya ya Waingereza

Askari wenzetu mlioko Jinja na Mbale, kabla himaya ya Uingereza haijatangazwa Uganda mwaka 1894, Unguja ilikwisha kuionja. Maisha ya Sayyid Khalid bin Barghash yatuonyesha himaya hiyo ilikuwa kitu gani.

Tangu mwaka 1890 dola hiyo ndogo ya Kiarabu ilibakiwa na Sultani, bendera na askari. Lakini raia wa Uingereza alihukumiwa na mahakama ya konseli wake, na Waingereza walidai kwamba asitawazwe mtu bila idhini ya konseli huyo.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid akaingia jumba la enzi pasipo idhini. Akaamriwa atoke kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27, hakutoka. Manowari zikapiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa ama kujeruhiwa. Kujifungia katika jumba la ufukweni, mbele ya mizinga ya manowari, kwetu sisi askari ni kosa kubwa.

Khalid alikimbilia konseli ya Wajerumani, na hapo sheria zile zile za wageni zikamkinga: Waingereza hawakuthubutu kuvuka kizingiti. Tarehe 2 Oktoba, bahari ilipojaa, mashua ya manowari Seeadler ilifika hadi bustanini, naye akapanda bila kukanyaga ardhi ya Unguja.

Aliishi Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata vitani mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena. Baadaye waliruhusu arudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927.