Carl Dreyer: mwana-sinema aliyezomewa kwa filamu yake ya kifo

Carl Theodor Dreyer alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka wa 1889. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na familia nyingine.

Mwaka wa 1932 alionyesha Vampyr mjini Berlin. Filamu inakwenda polepole, maneno ni machache, picha zina ukungu. Katika sehemu moja, kijana anajiona ndani ya jeneza, macho wazi, akipelekwa kuzikwa. Pengine watu walikuja ili watishwe, wakapewa ndoto. Walimzomea. Dreyer akakata baadhi ya sehemu, lakini huko Vienna watazamaji wakadai warudishiwe pesa za tiketi, hadi polisi wakatumia virungu.

Pigo hilo lilimwangusha. Alilazwa Paris kwa kuchoka akili, kisha akarudia uandishi wa habari, kazi ya ujana wake. Filamu ndefu iliyofuata ilitoka 1943.

Mwaka wa 1955, Ordet, ambamo mwanamke aliyekufa anafufuka, ilimpatia Simba wa Dhahabu mjini Venice. Lakini 1964, Gertrud ikazomewa Paris: polepole mno tena! Alifariki Machi 1968, akiwa bado na mpango wa filamu kuhusu Yesu.