Al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa

Al-Hasan bin Sulaiman (alifariki mnamo 1333) alikuwa sultani wa Kilwa Kisiwani, katika Mkoa wa Lindi wa Tanzania ya leo. Alitawala takriban kuanzia mwaka 1310 hadi kifo chake. Anajulikana zaidi kwa lakabu yake Abu al-Mawahib, yaani "Baba wa Zawadi", kwa sababu ya ukarimu wake kwa wageni na maskini. Habari zake zimehifadhiwa na msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko, aliyefika Kilwa mnamo 1331, pamoja na kitabu cha historia ya Kilwa kinachoitwa kwa kawaida Tarehe ya Kilwa. Jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yanaonekana hadi leo, huhesabiwa kuwa kazi yake.

Asili na ujana

Al-Hasan alikuwa wa ukoo wa Mahdali, uliokuwa na asili ya Yemeni na uliojihesabu miongoni mwa masharifu, yaani wazao wa Mtume Muhammad. Ukoo huo ulishika utawala wa Kilwa katika nusu ya pili ya karne ya 13 chini ya babu yake, al-Hasan bin Talut.

Kufuatana na Tarehe ya Kilwa, al-Hasan alipokuwa bado kijana alisafiri kwenda Uarabuni. Alikaa Aden miaka miwili akisoma elimu ya dini, kisha akaenda Makka kuhiji. Wakati huo kiti cha utawala kilishikwa na ndugu yake Daud. Aliporudi, Daud alimwachia utawala. Hivyo al-Hasan alianza kutawala akiwa mtu ambaye mwenyewe alishawahi kuwa mgeni katika nchi za watu.

Kilwa wakati wake

Katika karne ya 14 Kilwa ilikuwa mji tajiri kuliko yote ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Utajiri huo ulitokana hasa na dhahabu iliyoletwa kutoka bara hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na kupitia Kilwa kabla ya kupelekwa Uarabuni na Bara Hindi. Pembe za ndovu na watumwa walikuwa pia sehemu ya biashara hiyo.

Maisha ya mji yalifuata pepo. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Chombo kilichotoka kaskazini kilipita Mafia na visiwa vya Songo Songo kabla ya kuingia bandari ya Kilwa. Safari ya kurudi ilisubiri kusi, inayoanza kuvuma mnamo Aprili. Kwa hiyo mgeni hakuja kwa siku mbili tatu tu. Alihitaji mahali pa kulala na chakula mpaka upepo ugeuke. Kumkaribisha mgeni nyumbani kulikuwa jambo la utu na la dini, lakini pia lilikuwa nguzo ya biashara, kwa sababu mfanyabiashara alirudi kwa mwenyeji aliyemtunza vizuri.

Ziara ya Ibn Battuta

Ibn Battuta alifika Kilwa baada ya kupita Mogadishu na kulala usiku mmoja Mombasa. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, akataja mvua zake nyingi, na kueleza kwamba watu wake walikuwa wacha Mungu wa madhehebu ya Shafi.

Kuhusu sultani alieleza kwamba alikuwa mnyenyekevu. Aliketi pamoja na mafakiri na kula nao, akawaheshimu watu wa dini na watu wa nasaba tukufu. Masharifu kutoka Iraki, Hijaz na nchi nyingine walimjia, na Ibn Battuta aliwakuta baadhi yao Kilwa.

Kisa kinachokumbukwa zaidi kilitokea siku ya Ijumaa. Sultani alikuwa akitoka msikitini kuelekea nyumbani alipozuiwa njiani na fakiri mmoja wa Yemeni aliyemwomba nguo alizozivaa. Sultani alikubali. Aliingia katika nyumba ya khatibu karibu na msikiti, akabadili mavazi, akamwita yule fakiri na kumpa nguo zake. Watu walimsifu sana. Mwanawe, aliyekuwa mrithi wake, alizichukua tena nguo zile kutoka kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolishukuru tendo hilo, aliamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta alieleza kwamba zawadi nyingi za Kilwa zilikuwa pembe, na kwamba dhahabu ilitolewa mara chache.

Chakula na karamu

Ibn Battuta hakueleza vyakula alivyokula Kilwa, lakini aliandika kirefu juu ya meza ya mtawala wa Mogadishu. Huko aliletewa wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Palikuwa pia na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoliwa pamoja na achari ya malimau, pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kuhusu Mombasa aliandika kwamba watu walikula hasa ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kutoka nje ya kisiwa.

Utafiti wa akiolojia unaonyesha kwamba wenyeji wa pwani ya wakati huo walikula mtama, mchele, nazi, samaki, mbuzi, ng'ombe na kuku. Wareno waliofika Kilwa mwaka 1505 waliona huko asali, siagi, machungwa na malimau. Mahindi, mihogo, nyanya na pilipili kali, ambavyo leo havikosekani katika majiko ya Kilwa na Lindi, havikuwapo zama za al-Hasan, kwa kuwa vilitoka Amerika baada ya mwaka 1492. Pilipili aliyoikuta Ibn Battuta ilikuwa ya jamii ya pilipili manga.

Vyombo vya chakula vinaeleza jambo lingine. Katika mabaki ya miji ya pwani zimepatikana bakuli nyingi zenye rangi ya kung'aa kutoka Uajemi na China. Mwanaakiolojia Jeffrey Fleisher alieleza mwaka 2010 kwamba bakuli hizo zinahusiana na desturi ya karamu, ambapo mtu mwenye uwezo aliwalisha wengi na kwa njia hiyo kujipatia heshima na wafuasi. Kwa mtazamo huo, sultani anayekula na mafakiri alitimiza wajibu wa dini na pia aliimarisha utawala wake.

Majengo

Husuni Kubwa ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya mwamba unaotazama bahari, nje kidogo ya mji. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 100, kidimbwi cha kuogea chenye pembe nane, ua wenye ngazi uliofaa kwa mikutano, na upande wa kusini ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala. Makao ya mtawala, mahali pa kupokea wageni na ghala la bidhaa vilikuwa chini ya paa moja. Neville Chittick aliyechimba hapo kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 aliona kwamba jumba halikukamilika, na kwamba lilikaliwa kwa muda mfupi tu.

Sultani huyu huhesabiwa pia kuwa ndiye aliyeanza upanuzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa. Sehemu hiyo iliporomoka baadaye, ikajengwa upya katika karne ya 15.

Gharama ya ukarimu

Ibn Battuta hakuficha mali hiyo ilitoka wapi. Alieleza kwamba sultani alifanya mara nyingi mashambulizi katika nchi za watu wa bara wasio Waislamu na kuchukua ngawira. Sehemu ya tano ya ngawira iliwekwa kando kwa matumizi yaliyotajwa katika Kurani, na fungu la masharifu lilihifadhiwa katika hazina ya pekee mpaka waje. Watumwa 20 aliopewa fakiri walikuwa watu, na majina yao hayakuandikwa popote. Ukarimu uliompatia al-Hasan jina lake ulilipiwa na watu ambao hawakuketi kwenye sinia yake.

Msomaji anapaswa kukumbuka pia kwamba Ibn Battuta mwenyewe aliishi kwa zawadi za watawala, na mara nyingi aliwapima wafalme kwa mikono yao. Baada ya kifo cha al-Hasan, Daud alirudi kutawala. Msafiri alimweleza kuwa kinyume kabisa cha nduguye: aliwaambia waombaji kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa, na wageni walikaa miezi mingi wakipata kidogo, mpaka wakaacha kuja. Habari hizi zilimfikia baada ya kuondoka Kilwa, kwani yeye alisafiri kutoka huko kwenda Dhofar. Daud alirithi jumba lisilokamilika, na haijulikani kutoka upande wake hazina ilikuwa na kiasi gani.

Urithi

Sarafu za shaba zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman zimepatikana kwa wingi Kilwa, na moja ilipatikana mbali sana, katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Sarafu chache za dhahabu zenye jina lake zinajulikana pia.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi za ukarabati.

Kuta za Husuni Kubwa zimebomoka, lakini kula pamoja kumebaki. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, wageni wa Idd, Maulidi na harusi bado huketi mkekani wakizunguka sinia moja, na anayepita mlangoni wakati wa chakula hukaribishwa.