Imamu Ahmad bin Hanbal na dola iliyotaka kujua yaliyomo moyoni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, tunapowataja maimamu wanne wa fiqhi, aghalabu tunaitaja elimu yao na kuyasahau mateso yao. Imamu Abu Hanifa (R.A.) aliukataa ukadhi aliopewa na khalifa, akafungwa, na akafariki Baghdad mwaka 150 Hijria (767). Imamu Malik (R.A.) alipigwa mijeledi Madina kwa amri ya gavana. Imamu Shafii (R.A.) alitolewa Yemen akiwa katika minyororo hadi mbele ya Khalifa Harun ar-Rashid kwa tuhuma za kisiasa. Wa nne wao, Imamu Ahmad bin Hanbal (R.A.), ndiye tutakayemzungumzia leo, kwa kuwa maisha yake yanagusa swali ambalo kila nyumba inapaswa kulijua jibu lake: je, mtawala anayo haki ya kumwita raia wake na kumtaka aseme anaamini nini, kisha amlipe au amuadhibu kwa kadiri ya jibu lake?

MALEZI NA ELIMU

Imamu Ahmad alizaliwa Baghdad mwaka 164 Hijria (780), baada ya mama yake kufika hapo kutoka Marw, katika nchi ya Khurasan, akiwa mjamzito. Baba yake alifariki angali kijana, na mtoto akalelewa na mama mjane. Alipofikia umri wa miaka 15 hivi alianza kutafuta hadithi za Mtume (S.A.W.), na kwa ajili hiyo alisafiri Kufa, Basra, Makka, Madina, Sham na Yemen. Imepokewa kwamba katika safari ya Yemen aliishiwa na masurufu, akajiajiri kwa wachukuzi wa ngamia mpaka akafika San'a, wala hakukubali kupokea fedha za sadaka.

Matunda ya safari hizo ni kitabu chake kikubwa cha Musnad, chenye hadithi zaidi ya 27,000 pamoja na zilizokaririwa. Maisha yake yalikuwa ya mtu wa kawaida. Aliishi kwa kodi ndogo ya nyumba alizorithi, na alijihadhari sana na zawadi za watawala. Tabia hiyo ndogo, ya kutokula mkononi mwa dola, ndiyo iliyokuja kumfaa siku ya shida.

BARUA YA KHALIFA

Khalifa wa zama hizo alikuwa al-Ma'mun, mwana wa Harun ar-Rashid. Hakuwa mtu mjinga. Alipenda vitabu, aliwaheshimu wataalamu, na katika zama zake vitabu vingi vya Wayunani vilifasiriwa kwa Kiarabu. Aliwaegemea Muutazila, kundi la wanazuoni waliojifakharisha kwa kutumia akili. Kundi hilo lilisema kwamba Qur'ani imeumbwa, kwa kuhofia kuwa kusema kinyume chake ni kukiweka kitu kingine cha milele pamoja na Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wa hadithi walishikilia kwamba Qur'ani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na maneno yake si kiumbe.

Mjadala huo ulipokuwa misikitini na majumbani mwa wanazuoni, ulikuwa ni mjadala wa elimu kama mijadala mingine. Madhara yalianza pale ulipoingia katika barua ya serikali. Mwaka 218 Hijria (833), al-Ma'mun alimwandikia gavana wake wa Baghdad, Ishaq bin Ibrahim, ambaye ndiye aliyeshika pia mamlaka ya polisi, akimwamuru awahoji makadhi. Kadhi asiyekiri kwamba Qur'ani imeumbwa asiaminiwe katika kazi. Kisha makadhi nao wawahoji mashahidi, na shahidi asiyekiri, ushahidi wake usipokewe. Huu ndio uliokuja kujulikana kwa jina la Mihna, yaani mtihani.

Tuizingatie hatua hii, kwani hapo ndipo haki za raia zilipoanza kumegwa. Mtu asiyejua lolote katika elimu ya itikadi alikuwa akienda kwa kadhi kutoa ushahidi wa deni, wa mirathi au wa ndoa. Sasa ukweli wa ushahidi wake haukutosha. Na mjane aliyemtegemea shahidi huyo kupata haki yake, haki ile iliweza kupotea kwa jambo ambalo yeye hakulijua wala kulitamka.

Zikafuata hatua nyingine. Wanazuoni saba mashuhuri waliitwa kwa khalifa, wakakiri kwa khofu, na kukiri kwao kukatangazwa Baghdad ili wengine walegee. Mzee Affan bin Muslim, mmoja wa walimu wa Imamu Ahmad, alitishiwa kukatiwa posho yake ya kila mwezi. Alikuwa na watu wengi wa kuwalisha nyumbani, na imepokewa kuwa jamaa zake walimlaumu, lakini aliitegemea riziki ya Mola wake na hakukiri. Kisha gavana akawakusanya wanazuoni wa mji, akawahoji mmoja mmoja, na majibu yao yakaandikwa na kupelekwa kwa khalifa. Jibu la khalifa lilikuwa la kuwavunjia heshima: huyu alitajwa kwa riba, yule kwa wizi wa chakula, na Imamu Ahmad kwa ujinga. Mwenye kutawala alikuwa amekwisha kukusanya aibu za watu, akaziweka tayari kwa siku atakapozihitaji.

Wengi walikiri. Walisema kuwa aliyelazimishwa ana ruhusa katika dini, wakakitaja kisa cha Ammar bin Yasir (R.A.), na hoja hiyo ina asili yake. Imamu Ahmad aliliona jambo kwa upande mwingine. Mwenye elimu akinyamaza kwa khofu, na asiye na elimu akanyamaza kwa kutojua, haki itadhihiri lini? Walibaki wanne, wakafungwa minyororo. Siku ya pili mmoja alikiri, na siku iliyofuata mwingine. Wakabaki wawili tu, Imamu Ahmad na kijana aitwaye Muhammad bin Nuh.

MINYORORO NA MIJELEDI

Wawili hao walipelekwa Tarsus, mpakani mwa nchi ya Warumi, ambako khalifa alikuwa vitani. Wakiwa njiani zikaja habari kwamba al-Ma'mun amefariki, wakarudishwa. Muhammad bin Nuh aliugua akafia safarini, na Imamu Ahmad akamsalia. Hata hivyo mtihani haukufa pamoja na aliyeuanzisha. Al-Ma'mun alikuwa amemuusia ndugu yake, al-Mu'tasim, auendeleze. Khalifa huyo mpya alikuwa mtu wa jeshi asiye na hamu ya mijadala, lakini alikuta chombo kimeundwa, na pembeni yake yupo Kadhi Mkuu Ahmad bin Abi Du'ad anayekiendesha.

Imamu Ahmad aliwekwa gerezani Baghdad, na imepokewa kuwa huko aliwasalisha wafungwa pingu zikiwa miguuni. Baadaye aliletwa mbele ya khalifa, akajadiliwa siku tatu. Kila walipomletea hoja, yeye aliwataka walete dalili kutoka katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu au Sunna ya Mtume wake (S.A.W.). Waliposhindwa kwa hoja, wakaamua kutumia mjeledi.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, naye amefunga. Wapigaji walipokezana, kila mmoja akipiga mijeledi miwili kwa nguvu zake zote na kumpisha mwenzake, huku khalifa akimsogelea na kumshauri akiri aachiwe. Hesabu ya mijeledi imepokewa kwa tofauti, lakini wapokezi wameafikiana kwamba alipigwa mpaka akazimia. Alipozinduka alipewa kinywaji, akakataa kufungua saumu yake, na akasali adhuhuri damu ikimtiririka. Nje watu walikuwa wamekusanyika, na khalifa akahofia ghasia, basi akaachiwa arudi kwake. Muda wote tangu kukamatwa hadi kuachiwa unatajwa kuwa karibu miezi 28. Tabibu alilazimika kuikata nyama iliyokufa mgongoni mwake, na maumivu yalimwandama mpaka mwisho wa umri wake.

ZAMA ZA AL-WATHIQ

Alipotawala al-Wathiq, mwaka 227 Hijria (842), mkono wa dola ulizidi kurefuka. Huko Misri wafuasi wa Malik na wa Shafii walizuiwa kukaa misikitini kusomesha. Yusuf bin Yahya al-Buwayti, ambaye Imamu Shafii alimwachia nafasi yake ya kusomesha, na ambaye sisi watu wa pwani tulio wengi katika madhehebu hayo tunamhesabu miongoni mwa masheikh wa masheikh wetu, alifungwa minyororo akaletwa Baghdad. Imepokewa kuwa kila Ijumaa aliposikia adhana alikoga, akavaa nguo zake, akatembea mpaka mlango wa gereza. Mlinzi alimrudisha, naye akamshuhudishia Mola wake kwamba ameitika mwito na amezuiliwa. Alifia humo mwaka 231 Hijria (846).

Mwaka huo huo Ahmad bin Nasr al-Khuza'i alikamatwa kwa shutuma za kupanga uasi. Alipofikishwa mbele ya khalifa hakuulizwa habari za uasi, aliulizwa habari za Qur'ani. Akauawa, na kichwa chake kikatundikwa Baghdad kwa miaka kadhaa. Na walipobadilishana mateka na Warumi, mateka wa Kiislamu walihojiwa kwanza, na asiyekiri aliachwa utumwani. Mambo yalikuwa yameanzia kwa makadhi, yakafikia hata mateka aliyekuwa akiisubiri siku ya kurudi kwa wanawe.

Imamu Ahmad wakati huo alitakiwa asikae katika mji alipo khalifa, akajificha, hasomeshi wala hatoki hata kwa sala ya jamaa. Baadhi ya mafakihi walimjia wakitaka idhini ya kuutoa utiifu wao kwa al-Wathiq. Aliwakataza, kwa kuchelea damu za Waislamu. Basi msimamo wake ulikuwa na pande mbili: hakuinua upanga juu ya mtawala, na hakumkabidhi mtawala moyo wake.

MTIHANI WA ZAWADI

Al-Mutawakkil alishika ukhalifa mwaka 232 Hijria (847), akausimamisha mtihani hatua kwa hatua. Waliokuwa wakifukuzwa jana wakawa wenye kuheshimiwa. Imamu Ahmad alianza kuletewa mafungu ya fedha, akaitwa Samarra asomeshe mwana wa khalifa. Alijitetea kwa uzee na maradhi, akakiacha chakula cha kasri mpaka mwili ukamdhoofika, na alichukizwa wanawe walipopokea posho ya serikali. Kwake yeye, fedha ya mtawala nayo ilikuwa mtihani kama mjeledi. Na hata katika neema hiyo, mtu mmoja alimsingizia kwamba amemficha nyumbani mtu wa ukoo wa Ali (R.A.) anayetafutwa, na askari wakaja usiku kuipekua nyumba yake mpaka vyumba vya wanawake. Hawakukuta kitu.

Hapa pana funzo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Al-Mutawakkil aliyewanusuru watu wa hadithi ndiye yule yule aliyeamuru mwaka 236 Hijria kubomolewa kwa kaburi la Imamu Husayn (R.A.) kule Karbala na watu kuzuiwa kulizuru. Ndiye pia aliyewalazimisha Wakristo na Wayahudi wa dola yake kuvaa mavazi ya kuwatambulisha. Nguvu ilikuwa ile ile, waliobadilika ni wenye kuumizwa. Na mwanachuoni mkubwa at-Tabari alipofikia mwisho wa umri wake, na alifariki mwaka 310 Hijria (923), nyumba yake ilizingirwa na watu waliojinasibu na Imamu Ahmad, kwa sababu ya tofauti za rai. Mwenyewe alikuwa amekwisha kumsamehe al-Mu'tasim aliyempiga, lakini baadhi ya wafuasi wake hawakurithi msamaha huo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, haitoshi kufurahi kwamba chombo cha kuwahoji watu itikadi zao leo kimeelekezwa kwa wengine. Serikali inayo haki ya kumhukumu mwizi, muuaji na mvunja amani kwa kitendo kilichothibiti. Lakini inapoanza kumnyima mtu kazi, posho, ushahidi au mimbari kwa yaliyomo kifuani mwake, basi imeingia katika milki isiyokuwa yake, hata kama ianayoyataka yaaminiwe ni ya kweli. Al-Ma'mun aliamini kuwa anawaongoza watu kwenye haki, na pengine hilo ndilo lililomfanya asijizuie.

Nasi wazazi tuwasimulie watoto wetu kisa hiki kikamilifu. Tuwafundishe wasiseme wasichokiamini kwa ajili ya mkate, na pia wasishangilie jirani anapokamatwa kwa imani ambayo wao hawaipendi.

Imamu Ahmad alifariki Baghdad siku ya Ijumaa, mwezi 12 Rabiul Awwal mwaka 241 Hijria (855). Mji ulifurika watu waliokuja kumsalia, na hakuna aliyewahoji wanaamini nini. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wote waliodhulumiwa kwa ajili ya dhamiri zao, awape watawala wetu uadilifu, na atupe sisi uthabiti na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.