Tokujiro Namikoshi: Alianza kwa kumkanda mama, akaishia kuanzisha shule ya shiatsu

Leo ukitaka leseni ya shiatsu Japani, unasoma miaka mitatu. Mzee aliyefungua shule ya kwanza yeye alianza akiwa na miaka saba tu, bila mwalimu.

Tokujiro Namikoshi alizaliwa mwaka 1905 mkoani Kagawa. Mwaka 1912 familia ilihamia Hokkaido, kwenye baridi kali, na mama yake akaanza kuumwa viungo. Kijijini daktari hakuna. Watoto wakawa wanamkanda, lakini nafuu aliipata zaidi kwenye vidole vya Tokujiro. Kijana akagundua: penye ubaridi na ugumu, bonyeza zaidi kwa dole gumba. Kwa simulizi yake, mama akapona.

Mwaka 1925 akafungua kliniki, na mwaka 1940 shule jijini Tokyo. Mwaka 1954 akaitwa kumtibu Marilyn Monroe aliyeugua akiwa ziarani huko. Jina likavuma!

Kazi ngumu ilikuwa sheria, iliyoiweka shiatsu kapu moja na ukandaji wa kawaida. Hadi mwaka 1964 ndipo ikatambuliwa kivyake.

Alifariki mwaka 2000, akiwa na miaka 94. Wanafunzi bado wanaanza na kilekile: dole gumba.